Miaka Minne Denver, Mitatu Salt Lake: Nilivyojifunza Theluji Mara Mbili

Simu ililia saa kumi na robo alfajiri. "Bado umelala? Shuka bwana, nishafika. Tukichelewa dakika kumi tu, tutashinda kutwa kwenye foleni pale Floyd Hill." Mpigaji alikuwa dada mmoja Mkenya niliyefanya naye zamu za usiku hapo Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Sisi abiria wake tulimwita Kapteni, kwa kuwa gari lilikuwa lake na amri zilikuwa zake. Nikashuka ngazi na ubao wa theluji kwapani, mabuti mkononi, soksi pea mbili mguuni nikidhani nimejihami na baridi. Ilikuwa Januari 2017, na sikuwa nimewahi kukanyaga mteremko wa theluji hata siku moja. Kwetu theluji huitazama kwa mbali: asubuhi Kibo iko wazi, saa nne mawingu yameshaifunika, na hapo ndipo uhusiano wenu unapoishia.

Kuhusu soksi nimalize hapahapa. Pea mbili hubana mguu, damu haizunguki vizuri, jasho linakaa, na vidole vinaganda kuliko kama ungevaa soksi moja nyembamba ya sufu. Nililijua hilo saa tatu asubuhi, nikiwa nimekaa kwenye benchi nasugua vidole vya miguu mbele za watu.

Watu wakisikia nimeishi Denver na Salt Lake City huniuliza wapi kuna theluji nzuri zaidi. Jibu ni rahisi, na nitafika huko. Lakini ukinipima mimi mwenyewe, nilivyoingia katika mchezo huu na nilivyobadilika ndani yake, kilichofanya kazi kubwa ni ile njia ya kutoka kitandani hadi kwenye lifti, vile viti vya waya vinavyopandisha watelezaji mlimani.

Wengi ambao hawajafika hudhani Denver iko milimani. Iko tambarare, mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na milima unaiona upande wa magharibi kama ukuta. Kuufikia ukuta huo, karibu kila mtu hupita barabara moja, I-70. Kati ya vituo vya kutelezea, Loveland iko kilomita 85 hivi, Breckenridge kama 130, Vail zaidi ya 150. Siku ya Jumanne ya kiangazi hiyo ni safari ya saa moja na nusu. Jumamosi ya Januari, baada ya theluji ya usiku kucha, hesabu nyingine kabisa inaanza: mji mzima umeamka saa kumi, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyewahi. Unapanda Floyd Hill kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, unapita Idaho Springs, unapita Georgetown, halafu unakwea hadi handaki la Eisenhower, ambalo liko mita 3,400 hivi juu ya bahari na lina urefu wa kilomita 2.7. Tundu la kwanza lilifunguliwa 1973, la pili 1979, na magari tangu hapo yamezidi kuongezeka.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Mei sheria inakutaka uwe na tairi za kufaa theluji, au ubebe minyororo, kwa kipande chote cha kati ya Morrison na Dotsero. Sheria ipo, lakini inatosha mtu mmoja tu mwenye tairi kipara. Nakumbuka gari dogo jeupe lililokaa kimshazari katikati ya njia mbili pale chini ya handaki, dereva kasimama nje na viatu vya raba, anautazama mlima kana kwamba umemtukana. Nyuma yake tulikuwa maelfu. Tulikaa saa moja na dakika arobaini.

Katika saa hizo ndipo nilipofundishwa. Gari lile lilikuwa na watu wanne: Kapteni, mimi, kijana mmoja Mkongo aliyekuwa akisomea uhasibu, na mzee mmoja Mmarekani Mweusi, mstaafu wa posta, aliyekuwa jirani wa Kapteni. Kiti cha mbele kilikuwa chake bila mjadala. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba tusijione wageni mlimani, maana watelezaji Weusi wa Marekani wana umoja wao, National Brotherhood of Skiers, na mkutano wao wa kwanza ulifanyika Aspen mwaka 1973, hapohapo Colorado. Sikuwahi kusikia. Nilikuwa nimeshazoea swali la kwenye lifti, "Unatoka wapi?", linalokuja kabla hata kiti hakijaondoka ardhini. Baada ya kumsikia mzee, nikianza kuulizwa nilijibu "Aurora", mji ulioshikana na Denver nilikokuwa nikikaa, nikaachia hapo.

Yeye pia ndiye aliyetupa habari ya Olimpiki. Denver ilishapewa michezo ya majira ya baridi ya 1976, ikapewa kabisa, kisha Novemba 1972 wananchi wa Colorado wakapiga kura kukataa fedha za umma zisitumike. Michezo ikahamia Innsbruck. "Walisema watakuja watu wengi mno," mzee akasema, akionyesha kwa kidevu taa nyekundu zilizotutangulia hadi kona ya mlima. Gari zima likacheka.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Arapahoe Basin, ambacho wenyeji wanakiita A-Basin. Kipo tangu 1946. Maegesho yake yako mita 3,286, na lifti za juu zinakufikisha 3,800 hivi. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu ya kambi ya Horombo, ambako mpandaji hufika siku ya pili, pole pole, mwongozaji akimkumbusha kunywa maji. Sisi tulikuwa tumelala kwenye mita 1,600 na kwa saa tatu, nne tuko huko, tukiwa na kahawa tu tumboni. Kichwa kilianza kunigonga kabla sijafunga buti. Mwinuko wa pili nikatapika pembeni ya uzio wa rangi ya chungwa, mzee akanishikia ubao. "Kunywa maji jana," akaniambia. "Ya leo hayakusaidii tena." Tangu hapo Ijumaa yangu ilikuwa siku ya maji.

Theluji ya Colorado ni kavu na nyepesi, lakini haiji nyingi kwa mkupuo, na milima iko wazi kwa upepo. Huko juu miti inakoma, kwa hiyo upepo hukwangua theluji upande mmoja na kuirundika mwingine. Mwanzo wa msimu, Oktoba na Novemba, vituo kama Loveland na A-Basin hushindana kufungua kwanza kwa theluji ya mashine: utepe mmoja mweupe katikati ya mlima wa kahawia, na juu ya utepe huo watu wote wa Denver. Mgeni anajifunza kuanguka kwenye sakafu ngumu huku akikwepa wenzake. Nilianguka kwa makalio mara nyingi hadi wiki nzima nilikuwa nakalia upande mmoja kazini. Faida yake niliiona baadaye: anayejifunza kwenye theluji ngumu hujifunza kutumia ukingo wa ubao, kwa sababu asipoutumia anateremka kama gunia.

Tiketi ya siku kwenye dirisha la Vail inapita dola 200, kwa hiyo mtu wa kipato chetu hanunui tiketi ya siku. Unanunua pasi ya msimu mapema, wakati wa majira ya kuchipua hadi ya vuli, halafu unaitafuta thamani yake kwa kuamka saa kumi alfajiri. Tulikuwa na pasi ya Epic, ambayo wakati huo ilijumuisha Breckenridge, Keystone na A-Basin. Mwaka mmoja tulijaribu treni. Inaondoka kituo cha Union katikati ya Denver, inapita ndani ya handaki la Moffat lenye kilomita 10, inakushusha Winter Park karibu kabisa na lifti. Winter Park, cha ajabu, ni mali ya jiji la Denver lenyewe. Treni ilikuwa raha tupu, na kwenye viti vile mzee alilala njia nzima na hatukupata hadithi hata moja.

Lakini siku ninazozikumbuka zaidi ni za Mei. A-Basin huendelea hadi Juni miaka mingi, na kando ya mteremko kuna mstari wa maegesho unaoitwa ufuo, ingawa bahari haipo kilomita elfu moja na ushei. Watu hufungua milango ya nyuma ya magari, huwasha majiko, hukaa kwa fulana juu ya viti vya kukunja huku theluji ikiwaka jua mbele yao. Kapteni alikuja na mbavu za mbuzi alizozitia chumvi tangu usiku. Harufu ilipopanda, wageni wa magari ya jirani walianza kupita pole pole na sahani za karatasi, wakiuliza habari za hali ya hewa. Tuliteleza mara nne tu siku hiyo. Hakuna aliyelalamika.

Msimu wa nne ulikatika Machi 2020, vituo vyote vilipofungwa kwa ajili ya korona. Mwaka uliofuata nilipata kazi Salt Lake City, jimbo la Utah, nikahama.

Jioni ya kwanza Salt Lake nilisimama barazani nikaogopa kidogo. Mlima ulikuwa pale, mwisho wa mtaa. Huko safu za milima ya Wasatch hazitazamwi kwa mbali kama ukuta wa Denver, zimekuinamia. Kutoka katikati ya mji hadi kituo cha Alta ni kama kilomita 50, na kilomita 13 hivi za mwisho ndizo za korongo. Kazini niliwakuta watu wanaoteleza saa mbili asubuhi na saa tano wako mezani, nywele bado zimelowa. Mwenzangu mmoja aliniambia "nilipitia mlimani", kwa sauti ileile ambayo mtu husema alipitia dukani kununua mkate. Kwangu mlima ulikuwa safari: maandalizi, sala, chakula cha njiani. Ilinichukua msimu mzima kukubali kwamba inawezekana kwenda kwa saa mbili, kurudi, na siku ikaendelea kuwa siku ya kawaida.

Kikwazo kilikuwa ubao wangu. Alta, kituo kilichoanzishwa 1939, hakiruhusu snoubodi. Ni skii tu, zile mbao mbili nyembamba, moja kila mguu. Marekani nzima viko vituo vitatu vyenye marufuku hiyo, na viwili viko hapohapo Utah: Alta na Deer Valley. Mwanzoni niliona ni majivuno, nikaenda zangu Brighton, ambako vijana wa ubao wamejaa na taa zinawashwa usiku. Lakini wenzangu wa kazini wote walikuwa watu wa Alta. Januari 2022 nikauza ubao, nikanunua skii zilizotumika na fimbo zisizolingana rangi, nikarudi darasa la kwanza. Kwenye lifti ya Sunnyside nilipangwa na watoto wa miaka mitano. Mmoja alinitazama nilivyoshuka kwenye kiti, nikajikunja, nikalala chali na skii zimepishana kama mkasi, akasema kwa upole kabisa, "Tengeneza pembe tatu." Nikatengeneza pembe tatu.

Sasa theluji. Alta hupata zaidi ya mita 12 kwa msimu wa wastani, wakati vituo vingi nilivyovizoea karibu na Denver vinahesabu nane au tisa. Utah wameandika hadi kwenye vibao vya namba za magari kwamba theluji yao ndiyo bora duniani. Utasikia ni kwa sababu ya Ziwa Kubwa la Chumvi. Ziwa linachangia, ila kwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni dhoruba zinazotoka Pasifiki na kugonga milima inayoinuka ghafla. Na theluji ya Utah si kavu kuliko ya Colorado. Siri yake iko katika mpangilio: dhoruba nyingi huanza na theluji nzito kidogo na kuishia na nyepesi. Chini godoro, juu unga. Skii inapozama kwenye unga inakuta kitu cha kuibeba, na unaelea. Mara ya kwanza nilipoielewa hiyo miguuni nilipiga kelele peke yangu msituni kama mwendawazimu.

Dakika kumi baadaye nikaanguka, na skii moja ikapotea. Colorado sikuwahi kupoteza kitu, kilichoanguka kiliteleza hadi chini ukakiona. Hapa nilikuwa nimezama hadi mapajani, theluji imefunga kila tundu, kimya, na skii haionekani. Nilichimba chini ya pale nilipolala. Dakika ishirini. Mikono ikafa ganzi. Akapita babu mmoja, ndevu zimeganda barafu, akasimama bila kuuliza. "Unatafuta chini," akasema. "Wewe uliendelea kushuka, yenyewe ikabaki. Panda juu." Akaanza kukata theluji kwa fimbo kwa mistari, mita mbili juu ya shimo langu. Mstari wa tatu ukagonga kitu. Akanikabidhi, akaondoka, sikuona hata sura yake chini ya miwani.

Kila kitu kina bei yake. Mwezi Januari bonde la Salt Lake hufunikwa: hewa baridi inakaa chini, hewa ya uvuguvugu inaifunga kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa magari na majumba unabaki humo kwa siku kadhaa. Koo linawasha, jua linakuwa sarafu ya shaba. Wiki moja ya namna hiyo nilipanda Korongo la Little Cottonwood, lile la kwenda Alta, asubuhi na taa zimewashwa, sioni bamba la gari la mbele. Kona ya tatu au ya nne ukungu ukakatika kama shuka lililovutwa. Juu, samawati tupu, joto kuliko nyumbani. Nyuma yangu, bonde zima lilikuwa ziwa la pamba chafu, na watoto wangu walikuwa chini yake wakienda shule. Niliteleza mara tatu nikarudi. Sikufurahia.

Na korongo lenyewe ni mtego. Barabara ya Little Cottonwood inapita chini ya njia 64 za maporomoko ya theluji. Kwa miongo mingi walizilipua kwa mizinga ya kijeshi, siku hizi kuna minara inayolipua kwa kuamriwa kutoka mbali. Hali ikiwa mbaya inatangazwa amri wanayoiita Interlodge: aliyeko Alta au kituo jirani cha Snowbird haruhusiwi kutoka nje ya jengo alilomo, hata kuchukua begi kwenye gari. Ni sheria, si ushauri. Msimu wa 2022 hadi 2023 Alta ilipata karibu mita 23 za theluji, rekodi ya kituo, na hapo nilijifunza kwamba theluji nyingi maana yake ni siku nyingi za kuitazama dirishani.

Kitu nilichokuwa sikukitarajia ni upweke. Salt Lake nikawa mtelezaji mzuri mara tatu kuliko nilivyokuwa Denver, kwa sababu nilienda siku sitini kwa msimu badala ya kumi na tano. Lakini nilikwenda peke yangu. Kila mtu ana ratiba yake, mlima uko karibu, hakuna haja ya kupangana. Mnakutana kwenye kiti cha lifti dakika saba, mnaagana. Jioni kila mmoja yuko kwake. Colorado foleni ilitulazimisha kuwa jamaa. Utah hakuna kitu kilichonilazimisha, na mimi, niseme ukweli, si mtu wa kujipeleka.

Wenyeji wa huko waliikubali Olimpiki ya 2002, wakaipenda, na sasa wamepewa tena ya 2034. Nilipoisikia habari hiyo mwaka 2024 nilimkumbuka mzee na kidevu chake. Lakini nilikuwa nimeshaongea naye kabla.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari 2023. Usiku ilianguka nusu mita. Nilifika mdomo wa korongo kabla ya saa kumi na mbili na kuwakuta wenzangu mia kadhaa wameshapanga mstari. Wenyeji wanauita nyoka mwekundu, kwa ajili ya taa za breki. Njia ilikuwa imefungwa hadi walipue. Saa moja ikapita. Nikazima injini, nikawasha, nikala ndizi, nikapiga simu.

"Uko wapi?" Kapteni aliuliza hata kabla ya salamu.

"Foleni. Na wewe?"

"Floyd Hill." Nikasikia gari zima likicheka nyuma yake. "Kuna mtu amekalia kiti chako, mtoto wa kazini, anaumwa kichwa. Mzee anakusalimu."

"Shikamoo mzee," nikasema kwa Kiswahili, kama tulivyomfundisha.

"Marahaba," akaitikia, kwa matamshi yake. "Bado wanakukataza ubao?"

Kabla sijajibu, mlima ukatoa mlio mzito uliotikisa kioo. Kisha wa pili.

"Nini hicho?" Kapteni akauliza.

"Wanalipua theluji."

"Mungu wangu. Sisi hapa ni mtu tu kaziba njia na tairi kipara." Akanyamaza, nikasikia breki zake. "Mmesogea?"

"Hapana."

"Hata sisi. Basi tuna muda, bwana. Hebu tupe habari, anza mwanzo."

Nikaegemeza kiti nyuma, nikaanza na ile skii iliyopotea.